Kichuguu Kilichofyekwa na Darasa la Tatu

Nina hasira, na nitaandika nayo hivyohivyo, maana nikingoja ipoe nitasahau nusu ya mambo. Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa miguu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza, ingawa siku ile sikusikia pia mtu akiniita nirudi. Kiswahili hiki nilikipata nyumbani Koboko, kwa baba aliyekuwa askari, mtoto wa askari, na Kiswahili cha askari ni cha kuamrisha: njoo, nenda, lala chini. Maneno mengine niliyaokota mpakani na Kongo, miaka ile nilipokuwa nikiuza chumvi na sabuni. Mwalimu akikuta kosa humu, alifunge kwenye kitambaa aende nalo nyumbani kwake. Mimi hoja yangu ni nyingine.

Hoja yangu ni kichuguu.

Nakaa Arua, Oli, upande wa chini karibu na mto. Ukuta wa nyumba yangu na uwanja wa shule ya msingi vinatenganishwa na ua wa minyaa tu, na minyaa yenyewe imechoka. Asubuhi nikinywa chai nasikia darasa la tatu wakiimba sehemu za mti. Mizizi! Shina! Matawi! Majani! Wanaimba wakitazama mti uliochorwa ukutani kwa rangi ya kijani, wenye mishale. Mwembe wa kweli uko nje ya dirisha, umbali wa kutema mate, mtoto akigeuza shingo anauona. Ila ukigeuza shingo unapigwa. Niliyasikia hayo miaka minne, nikameza na chai yangu. Si shule yangu, nilijiambia. Mtu aliyeacha darasa la tatu atamfundisha nini mtu mwenye tai?

Halafu alikuja mwalimu mpya, binti wa mtaa wa Mvara, anakuja kwa boda kila asubuhi akiwa amefunga kitambaa puani kwa vumbi. Watoto wanamwita Madamu na mimi nitamwita hivyo. Siku moja alipita kwenye tundu la ule ua, akasimama mbele ya kigoda changu.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Nzuri, binti yangu. Umepoteza mbuzi?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kukuomba. Kitabu cha serikali kinasema watoto wajifunze nje, mto, wadudu, majani. Sasa mimi nimezaliwa mjini. Mto naujua kwa daraja lake. Watu wanasema wewe unajua vitu ya porini."

"Watu wanasema pia mimi ni mwongo."

"Hiyo pia wamesema," akajibu. Nikacheka, na hapo nikawa nimeshakubali.

Basi ikawa Ijumaa, saa tatu mpaka saa nne na nusu, kabla sijaenda kuoga kwa ajili ya msikiti. Hedimasta aliruhusu kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja na alitaka kitu cha kuwaonyesha. Sisemi hivi kwa chuki. Nasema kwa sababu alisema hivyo mwenyewe, mbele yangu, bila aibu: "Mzee, hii itaonekana vizuri kwa ripoti."

Ijumaa ya kwanza nilikasirika tayari. Tulishuka mtoni, na kitu cha kwanza watoto wote walichofanya, wote, kama wameamrishwa, ni kuziba pua. Mto wao! Mto ambao jina lake ndilo jina la mtaa wao! Na walikuwa na haki, maana mto umejaa makaveera, ile mifuko ya plastiki, na nepi za watoto na chupa, na wanaotupa ni mama zao na baba zao, na mimi, ndiyo, nilishatupa betri za redio mle, miaka ya nyuma, sijui nilifikiri maji yatazipeleka wapi. Niliwaambia. Msichana mmoja mwenye sweta iliyotoboka kiwiko akaniuliza, "Abi, kwa nini ulitupa?" Abi ni babu kwa Kilugbara. Mimi si Mlugbara, ni Mnubi, lakini mtoto akikuita babu humsahihishi. Nikamwambia, "Kwa sababu ya upumbavu." Wakaandika. Madamu akawaambia wafute.

Ijumaa ya pili niliwapeleka kwenye kichuguu.

Kilikuwa mwisho wa uwanja wa shule, nyuma ya vyoo, mahali pasipopitiwa na mtu. Kirefu kunizidi mimi, chekundu, kimeota nyasi mgongoni na kichaka kimoja cha miiba. Watoto walikuwa wakikiogopa. Waliambiwa kuna nyoka, na walimu ndio waliowaambia, ili wasiende huko kucheza. Nikapiga magoti, magoti yangu haya mabovu, nikavunja kipande kidogo kama mkono wa mtoto. Askari wa mchwa wakatoka na vichwa vyao vikubwa. Watoto wakapiga kelele wakarudi nyuma, wakasogea tena.

"Jumatatu mtakuja kuangalia hapa," nikawaambia. "Mukikuta tundu limezibwa, kichuguu iko hai. Mukikuta wazi, imekufa."

"Nani ataziba, Abi?"

"Hawa wadogo weupe. Wale wenye vichwa kubwa wanalinda tu, hawafanyi kazi."

"Wanalala saa ngapi?"

"Hawa hawalali."

"Kama Hedimasta?"

"Hedimasta analala," nikasema, "tena ofisini, mdomo wazi." Nimekwisha sema mimi ni mwongo, lakini hilo halikuwa uongo. Watoto arobaini walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na jioni ile neno lilikuwa limemfikia mwenyewe. Kosa langu. Naliandika hapa kwa sababu nitaandika ya wengine pia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, nilisikia vishindo upande wa pili wa ua. Darasa la tatu wanakimbilia nyuma ya vyoo, bila mwalimu, bila fimbo. Halafu kelele: "Imezibwa! Imezibwa!" Miaka minne nimesikia darasa hilo likiimba mizizi, shina, matawi. Sikuwahi kusikia sauti ile. Madamu alikuja mbio kunieleza kama vile sikuwa na masikio.

Baada ya hapo walitaka kila kitu. Nikawafundisha kunusa udongo wa kichuguu baada ya mvua. Nikawafundisha kwamba uyoga ukiota pale haukujiotea, mchwa wanaulima chini huko. Nikawaeleza habari ya kumbikumbi, wale wenye mabawa wanaotoka mvua zikianza, ambao Walugbara wanawaita onya. Kuna wa usiku, kuna wa alfajiri, na hiki kichuguu kilikuwa cha wale wa mchana. Hao wa mchana ndio watamu kwa kazi. Unachimba kishimo mbele ya kichuguu, unafunika juu kwa matawi na blanketi kuwe na giza, halafu unakaa na vijiti viwili unapiga juu ya ubao, taratibu, tatata, tatata, kama mvua inayoanza. Mchwa anasikia anafikiri mvua imekuja. Anafungua mlango. Ukipiga haraka anajua ni mtu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga vizuri kuliko mimi, halafu anawakaanga bila mafuta, wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya hilo sufuria. Siandiki, maana nitasahau hasira.

Nikawaahidi kwamba mvua zikianza tutapiga vijiti pamoja. Ndipo nikafanya upumbavu.

Mtu wa mbali hatajua, kwa hiyo naeleza. Huku kwetu kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe. Hata kikiwa porini, hata kikiwa katikati ya njia, kina mtu wake, alikirithi kwa baba yake, na huyo kwa baba yake. Unajuaje ni cha nani? Mvua zikikaribia, mwenyewe anakuja anafyeka nyasi kukizunguka, mduara safi. Huo mduara ni kusema: mimi nipo, hiki changu. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Ukifyeka kichuguu cha mwenzako umetangaza vita. Watu wamekatana mapanga kwa mduara. Wengine wamekufa wakiwa hawasalimiani, ndugu wa tumbo moja.

Mimi nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Na Ijumaa ile nikawaambia watoto: leteni majembe, tufyeke, tuondoe hiyo miiba, tusije tukaumwa na nyoka. Wakafyeka. Arobaini, wakiimba, mduara mzuri kabisa, nikasimama na mikono mgongoni kama kamanda. Nilijiambia familia yenye kichuguu imekwisha hapa, shamba waliiuzia shule zamani, mzee wao alikufa, mjane alihamia Koboko kwa binti yake. Nani atakuja kudai? Nilitaka watoto wajue raha ya kufyeka. Na nilitaka, nitasema kweli, watu wanaopita barabarani waone mimi ndiye niliyesimama pale.

Mtu aliyepita barabarani alikuwa mpwa wa yule mjane, dereva wa boda. Aliona. Jumatatu alikuja shuleni na panga, hakulitumia, alikuwa amelishika tu, akisimama katikati ya uwanja.

"Nani alifyeka kichuguu ya mjomba yangu? Nani?"

Hedimasta akatoka. "Ndugu, tulia. Hii ni ardhi ya shule."

"Ardhi tuliuza. Kichuguu hatukuuza! Iko wapi kwa karatasi yako imeandikwa kichuguu? Onyesha mimi!"

"Ni udongo tu, ndugu."

"Udongo? Baba ya wewe pia ni udongo!"

Pale ikabidi walimu wawashike wote wawili. Nilikuwa nimesimama kwenye tundu la ua na kanzu yangu. Sikutoka. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa baba wa wote wawili na sikutoka, nikamwacha Madamu aende mbele akaseme ni somo tu, samahani, hatukujua. Yeye hakujua kweli. Mimi ndiye niliyejua.

Mchana Hedimasta aliniita ofisini. Hakunipa kiti.

"Mzee, umeleta panga kwa shule."

"Nimeleta, ni kweli."

"Kuanzia leo hakuna mtoto anatoka nje. Wazazi wananiuliza, tunalipa ada mtoto akachimbe mchwa? Mtihani hauulizi mchwa."

"Unauliza nini?"

"Unauliza sehemu ya mdudu. Kichwa, kifua, tumbo."

"Na hao mchwa hawana kichwa?"

Akanitazama. Madamu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba watoto kumi na mmoja waliokuwa hawaandiki kitu chochote sasa wanaandika, wanaandika juu ya kichuguu. Hedimasta akafikiri, au akajifanya anafikiri, akasema: "Sawa. Lete ruhusa ya mwenye kichuguu, wataendelea. Bila ruhusa, somo la nje limekwisha." Hayo ndiyo maneno yake. Madamu ni shahidi. Lete ruhusa, wataendelea.

Basi nilikwenda Koboko. Sikuwa nimekwenda tangu kumzika dada yangu. Barabara siku hizi ni lami, unafika kabla hujamaliza kuwalaumu watoto wako. Nilimkuta yule mjane sokoni, mwanamke mwembamba, mzee kunipita, amekaa nyuma ya mabeseni ya karanga na simsim. Nikamsalimia kwa Kilugbara changu kibovu. Akanijibu kwa Kiswahili ili nijue kibovu kiasi gani.

"Wewe ndiye Mnubi wa Oli uliyefyeka."

"Ni mimi, Mama."

"Kaa chini. Hapana, usikae kwa kivuli yangu. Kaa pale."

Nikakaa juani. Wanawake wa meza za jirani wakaacha kuuza.

"Ulikuwa unajua kama ile kitu iko na mwenyewe?"

Ningeweza kusema sikujua. Yule mpwa wake alishaambiwa hivyo, ungekuwa uongo mmoja na ule ule. "Nilijua," nikasema.

"Ulijua!" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Alijua. Mutu mzima, ndevu nyeupe, anajua, anafyeka. Mume yangu alifyeka ile kichuguu mpaka mwaka alikufa. Mguu yake ilikuwa imevimba hivi, alifyeka akiwa amekaa. Mimi nikasema acha mwaka huu, akasema nikiacha watasema nimekufa. Wewe ukafyeka kwa asubuhi moja, na watoto, mukaimba. Muliimba nini?"

"Wimbo wa shule, Mama."

"Wimbo wa shule!" Wanawake wakacheka. Mmoja akasema niimbe niwasikie. Sikuimba. Jua lilikuwa linanichoma utosi na nilijua linanichoma kwa haki.

Nilimweleza. Nilimweleza mti wa ukutani na mishale yake, nilimweleza pua zilizozibwa mtoni, nilimweleza kelele ya Jumatatu asubuhi, imezibwa, imezibwa. Alipima karanga za mteja, akarudi.

"Watoto ngapi?"

"Arobaini na wawili."

"Wote walishika jembe?"

"Wote. Wale wadogo walizoa nyasi."

"Binti yangu iko na watoto tano," akasema. "Wote wako Kampala ao Juba. Hakuna hata moja anaweza kuonyesha wewe mlango ya kichuguu. Nikikufa, ile kichuguu inabaki ya nani? Ya mpwa yangu, mutu ya boda, anajua tu kelele." Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Aliyefyeka ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria yetu, hata kama alifyeka kwa adabu mbaya. Basi iwe ya hao watoto. Lakini si ya shule. Si ya hedimasta. Si ya wewe!"

"Si ya mimi, Mama."

"Na siku ya kwanza ya kupiga, nakuja mimi. Beseni ya kwanza ni yangu."

Nikamwomba karatasi, Hedimasta anataka karatasi. Alinitazama kama nimemtukana mara ya pili. "Mdomo yangu si mdomo?" Akamtuma mtu nyumbani kwa binti yake, akarudi na vijiti viwili vya mumewe, vyeusi kwa kushikwa, vimelainika kama mfupa. "Peleka hii. Mutu yeyote ya Oli akiona hii atajua."

Nilirudi Arua nimevipakata mapajani kama mtoto mchanga. Asubuhi nikavaa kanzu safi, nikaenda ofisini, nikaviweka mezani, nikasimulia neno kwa neno.

Hedimasta akakishika kimoja kwa vidole viwili. "Mzee, hii ni kuni."

"Hii ni ruhusa."

"Nilisema ruhusa. Nilimaanisha barua, sahihi, LC, mwenyekiti wa mtaa, ameweka muhuri. Nitaweka kuni kwa faili?"

"Ulisema lete ruhusa, wataendelea."

"Tutaangalia baada ya likizo," akasema, na akaanza kuandika kitu, unajua kile wanachokiandika wakitaka uondoke.

Sasa nafika pale penye hasira yenyewe.

Likizo ilikuwa wiki tatu. Katika wiki ya pili nilikwenda Ediofe kumtazama rafiki yangu mgonjwa, nikalala huko siku tatu. Niliporudi nikakuta uwanja wa netiboli umesawazishwa, mwekundu, umeshindiliwa vizuri, na nyuma ya vyoo kuna shimo. Shimo. Vibarua wanne walikuwa wamechimba siku mbili. Walimwaga mafuta ya taa kwanza, wakawasha moto ili mchwa wasiwaume. Mmoja wao, kijana ninayemjua baba yake, aliniambia walimkuta malkia, mnene kama kidole gumba, wakawapa kuku.

Nilimwendea Hedimasta nyumbani kwake. Alikuwa anakula. Sikungoja anikaribishe.

"Kwa nini?"

"Mzee, karibu. Kwa nini nini?"

"Unajua nini."

"Kile kitu kilileta fujo. Sasa hakuna kitu, hakuna fujo. Na wasichana wana uwanja. Udongo wa kichuguu unashindilika vizuri sana, wewe mwenyewe unajua. Na usiwe na wasiwasi, Mzee, somo la mazingira halijafa. Tunachora ukutani. Kichuguu, na mchwa wote, malkia, askari, kila mmoja na mshale."

Nimewahi kukasirika maishani. Nilishawahi kufukuzwa nchi yangu mwenyewe pamoja na watu wetu wote, nikakaa miaka ukimbizini nikila ugali wa watu, na hasira ile niliijua ilikotoka: ni ya vita, vita ni kipofu. Hii ya sasa ilikuwa ya mtu aliyeshiba, mpole, anayekukaribisha chakula. Anaua kitu halafu anakichora. Sikujua niishike wapi. Niligeuka nikaondoka, na nikiwa njiani nilikumbuka nilichopaswa kusema, na bado nakikumbuka kila siku asubuhi, na kila siku ni kingine.

Sikumpigia simu yule mama. Hilo nalo liandikwe. Kila siku nilisema nitampigia kesho. Nilikuwa na namba, mpwa wake alinipa, tulishasameheana. Sikupiga kwa sababu nilikuwa naona aibu. Nilipofyeka nilifyeka bila kumwuliza, na kilipokufa nikamwacha asijue.

Shule ikafunguliwa, mvua zikaanza. Ijumaa ya kwanza ilinyesha alfajiri, ikakatika, jua likatoka kali, ile hali yenyewe ya kumbikumbi wa mchana. Saa nne hivi nikasikia boda imesimama barabarani. Yule mama akashuka, kitenge kipya, beseni kichwani, ndani ya beseni blanketi limekunjwa. Ametoka Koboko asubuhi ile. Hakuna aliyemwita. Aliangalia mawingu akaja.

Nilitoka kwenye tundu la ua nikimkimbilia, kama mtu wa umri wangu anavyokimbia. "Mama, ngoja. Mama, kwanza tukae."

"Tukae kwa nini? Watatoka bila sisi." Akapita mbele yangu, nyuma ya vyoo. Akasimama.

Shimo lilikuwa na maji ya mvua. Mduara ulikuwa bado unaonekana, ule waliofyeka watoto, umeanza kuota majani mapya, na katikati yake hakuna kitu.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alishusha beseni, akalishika mbele ya tumbo lake.

"Nani?"

Nikamwambia. Kila kitu, pamoja na simu ambayo sikupiga. Hakunitazama hata kidogo.

Darasa la tatu walikuwa wameshamwona dirishani. Madamu aliniambia baadaye kwamba hakuwaruhusu kutoka na hakuwazuia, aliendelea kuandika ubaoni mgongo ukiwa umewageukia, na chaki yake ilikuwa imekatika. Walikuja wote. Wakasimama kuzunguka shimo, hakuna aliyekuwa anacheka. Walishaliona siku ya kufungua, na walikuwa wameambiwa wasilizungumze.

"Ninyi ndio mlifyeka?" mama akauliza.

Mikono ikapanda. Yote.

"Mimi ndiye mwenye kichuguu hii. Mume yangu, na baba yake. Nikawapatia ninyi. Huyu mzee aliwaambia?"

Sikuwaambia. Nilikuwa nangoja siku ya kupiga vijiti, niseme kwa fahari, mbele ya watu. Msichana mwenye sweta iliyotoboka akatikisa kichwa.

"Basi ilikuwa yenu," mama akasema. "Siyo ya shule. Yenu. Mutu akichukua kitu yako, unafanya nini?"

Mmoja akasema unapigana. Mwingine akasema unaenda polisi, wengine wakamzomea. Yule msichana akasema, "Dede, unauliza yeye." Dede ni bibi.

"Basi mwende mukaulize."

Na walikwenda. Sikuwaambia mimi, Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa sina neno hata moja mdomoni. Walipita juu ya uwanja wa netiboli, arobaini na wawili, wakasimama mbele ya mlango wa ofisi. Msichana akabisha hodi. Hedimasta akatoka na kalamu mkononi.

"Nini hii? Kwa nini mko nje?"

"Tafadhali, Bwana," msichana akasema, "kichuguu ilikuwa yetu. Kwa nini ulichimba bila kuuliza sisi?"

"Nani amewafundisha maneno haya?"

Akainua macho akanitafuta. Mdomo wangu sasa ulikuwa tayari. Lakini Madamu alikuwa ametoka darasani, chaki bado mkononi, na akanitangulia. Yule binti ambaye mbele ya Hedimasta sauti yake ilikuwa ya kuku mgonjwa.

"Ni mimi, Bwana. Ni darasa langu."

Hedimasta akamtazama yeye, akawatazama watoto, akamtazama mama mwenye beseni. Akasema, "Rudini darasani, tutaliangalia." Hakuna aliyerudi. Akasema tena kwa sauti ya gwaride. Wale wadogo wa mbele wakakaa chini, pale pale, kwenye udongo mwekundu wenye unyevu, na waliokuwa nyuma yao wakakaa. Si ukaidi, nadhani. Waliuliza swali na walikuwa wanangoja jibu, kama walivyofundishwa kungoja.

Kengele ya mapumziko ikalia. Hedimasta alikuwa bado amesimama mlangoni, kalamu mkononi. Yule mama akaweka beseni chini, akatandika blanketi, akakaa kati ya watoto miguu imenyooshwa mbele.

"Jibu watoto," akamwambia. "Mimi basi yangu ya Koboko ni ya jioni."